Malalamiko ya Koplo Oryem, Aliyeuawa na Joka Kibandani kwa Ketura

Koplo Oryem,
Kituo kidogo cha Polisi, njia ya mpakani,
Bwera.
Agosti 2014

Kwa Mzee Kosiya Thembo,
Mwenyekiti wa mtaa wetu.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

KUHUSU: KUONDOLEWA KWA GEMU MOJA, NA KUTANGAZWA KWAMBA NIKO HAI NA NIMEVAA

Nakuandikia nikiwa nimekaa wima, viatu nimevipiga rangi na vifungo vyote nimefunga, ili barua hii iwe na heshima ambayo mwandishi wake ameipoteza. Najua mambo yamepinduka. Kwa kawaida wananchi ndio wanaotuandikia sisi polisi, nasi tunaweka karatasi zao mezani na jiwe juu yake zisipeperuke. Leo polisi anamwandikia mwananchi. Naomba karatasi yangu isiwekewe jiwe.

Wewe unanijua, lakini barua rasmi hutaka utambulisho. Mimi ni Mwacholi, mtu wa kaskazini, nimeletwa hapa mpakani na kazi. Naishi katika kile kijumba cha bati cha duara ambacho sisi polisi tunakiita mama-ingia-pole, kwa sababu asiyeinama mlangoni hutoka na nundu. Mke wangu Lakot yuko kambi ya polisi Kasese pamoja na watoto, kwa ajili ya shule. Kazi yangu ni kusimama kwenye kizuizi cha barabarani, ambacho Wakongomani hukiita bariyeri, na kuwaambia watu wafungue mizigo yao.

Kwa muda wote niliokaa hapa watu wa Bwera waliniheshimu sana. Heshima yenyewe ilikuwa hivi: nikiingia dukani, mazungumzo yanakatika. Nikikaa kwenye benchi, wenzangu wanakumbuka kwamba wana safari. Chapati yangu nilikuwa naila kwa utulivu mkubwa, hakuna hata mtu mmoja wa kuniomba kipande.

Kilichoharibu heshima hiyo ni kelele. Unajua Ketura ana kibanda cha video nyuma ya soko, watu huenda kutazama mpira. Mwaka huu alileta kutoka Kampala mashine ya gemu, akaiunganisha kwenye ile televisheni kubwa. Siku moja nikipita pale nikasikia watu wanapiga mayowe, "Ua! Mkate! Mkate kichwa!" Niliingia mbio na rungu mkononi. Nikakuta waendesha boda na akina mama wa soko wamekaa, wanamtazama Bright, yule mwendesha boda wa steji ya mpakani, akipigana na jitu ndani ya televisheni. Nikaamuru kimya. Ketura hakushtuka hata kidogo.

"Afande," akasema, "kaa kwanza uone kosa lenyewe. Ndipo uandike."

Nikakaa. Hapo ndipo uchunguzi wangu wa kelele ulipoanza, na hadi leo haujakamilika. Katika uchunguzi huo nimedhulumiwa kama ifuatavyo.

1. Jina. Gemu hii ni ya falme za kale, mapanga, wachawi na majoka. Kabla hujaanza, inakuuliza jina. Mimi nimezoea kwamba mtu akiulizwa jina anasema ukweli, basi nikaandika Koplo Oryem. Hakuna aliyenionya. Baadaye ndipo nikagundua kwamba Bright anaitwa humo Mfalme Radi, na fundi baiskeli wa pale kona anaitwa Chui wa Dhahabu. Kwa hiyo Mfalme Radi akianguka kisimani, hakuna anayejua ni mtoto wa nani. Koplo Oryem akianguka kisimani, wilaya nzima inajua. Kuhusu sura, gemu ilinipa ruhusa ya kuchagua. Nilichagua urefu, na nikajipa kifua ambacho chakula cha polisi hakijawahi kunipa. Hilo silalamikii.

2. Watu wa humo hawana adabu. Nilimfikia mhunzi wa kijiji cha kwanza, nikamsalimia vizuri kama mtu aliyelelewa. Akanijibu, "Una chuma?" Nikamsogelea tena, maana labda hakusikia. "Una chuma?" Nikazunguka nyumba yake nikatokea upande wa pili, nikampungia mkono. "Una chuma?" Ketura ndiye anayetafsiri Kiingereza cha gemu, na anatafsiri kwa ile maikrofoni anayotangazia mpira, kwa Kiswahili na kisha kwa Lhukonzo cha wenyeji. Kesho yake nilipita sokoni na wauza nyanya wote wakaniuliza kama nina chuma.

Lakini la mhunzi ni dogo. Mbele ya mji wa mfalme kuna lango, na langoni kuna askari. Askari huyo aliniambia nisimame na nifungue mzigo wangu. Mimi, Mwenyekiti! Akachambua vitu vyangu kimoja kimoja, polepole, bila sababu yoyote. Akaona kipande cha jibini nilichokuwa nimekitunza kwa ajili ya safari, akakichukua. Akasema, "Pita."

 Watu wote kibandani wakageuka kunitazama, na Elise, yule mama Mkongomani anayeleta vitenge, akasema kutoka mstari wa nyuma:

"Afande, sasa unajua vile sisi tunasikiaka ku bariyeri."

Walicheka mpaka Ketura akazima maikrofoni kwa sababu ilikuwa inalia yenyewe. Naomba iandikwe mahali fulani kwamba mimi sijawahi kuchukua jibini la mtu hapa Bwera. Hapa Bwera hakuna jibini. Parachichi ni jambo jingine, na hutolewa kwa hiari.

3. Suruali. Hili nitalieleza haraka. Katika mji ule kuna mwenye duka. Nilitaka kumwuzia ngozi ya mbwa mwitu iliyokuwa inanilemea. Kidole kikateleza, nikamwuzia suruali. Nilipoomba anirudishie, akawa tayari ameivaa. Wakati huohuo tarumbeta ikalia kwamba mfalme ananiita ikulu, na katika gemu hii mfalme akikuita, milango mingine yote inafungwa, hakuna pa kukimbilia. Nikaingia. Kichwani kofia ya chuma, mkononi ngao, kiunoni upanga, na kuanzia hapo kushuka chini kitambaa kidogo ambacho hata mama yangu asingenipa nikiwa mtoto. Wakuu wa nchi walikuwa wamepanga mistari miwili. Mfalme akasimama, akafungua mikono.

"Shujaa wetu," Ketura akatafsiri, na sauti ikafika hadi kwa waliokuwa nje wakipima mihogo, "nchi yote inakutazama."

Na kweli ilikuwa inatazama. Hata wewe, Mwenyekiti, samahani, nilikuona. Ulikuwa karibu na mlango na ulikuwa umeziba mdomo kwa kofia.

Asubuhi yake nikiwa kazini nilimsimamisha Elise na vitenge vyake, nikamwambia kwa sauti ya kazi afungue. Akafungua, hakukataa. Lakini akanitazama miguuni kwa huruma ya kweli kabisa, akauliza, "Afande, na suruali ulipata?" Mstari mzima wa wasafiri, kuanzia kwangu hadi kwa wale wenye mapipa ya mafuta, ukacheka. Niligeuka nikatazama milima kwa muda, kama mtu anayekagua mawingu.

4. Farasi. Nilipewa farasi. Alipanda juu ya paa la hekalu akakataa kushuka. Nilisimama chini nikimwita kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili cha amri, mwisho kwa Kiacholi cha kubembeleza. Yuko huko hadi leo.

5. Kifo changu. Hapa, Mwenyekiti, naomba uweke kando chai yako.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Kwenye gemu kuna daraja, na chini ya daraja kuna pango la joka kubwa lenye mabawa. Nilikuwa nimejiandaa vizuri, ukiacha lile jambo la suruali. Nikavuka daraja. Joka likatoka, likanipulizia moto, nikafa. Ketura, kwa ile maikrofoni, akatangaza kama anavyotangaza mabao:

"Koplo Oryem ameuawa na joka darajani!"

Sasa, wewe unajua kwamba mji wetu una daraja lake, lile la mpakani. Unajua pia kwamba joka, kwa mtu asiyeona televisheni, ni nyoka mkubwa tu, na mbuga ya wanyama haiko mbali. Nje ya kibanda kulikuwa na abiria amepanda boda. Aliyasikia maneno hayo, na boda ikaondoka kushika njia ya Kasese. Habari ilifika Kinyamaseke ikiwa nyoka ameniuma. Ilipofika Kikorongo alikuwa chatu, na alikuwa amenimeza pamoja na viatu. Ilipoingia kambini Kasese, mke wangu alikuwa anaanika nguo, ikiwemo shati langu la sherehe.

Simu yangu ilikuwa imezimwa. Nilikuwa nimeizima mwenyewe, kwa sababu mtu hawezi kupigana na joka huku anaulizwa habari za sukari.

Lakot alijifunga kitenge kiunoni kama wanavyofunga wanaokwenda msibani, akapanda gari. Alipofika hapa alimkuta Bright kwenye steji, akamwuliza mwili wa Afande Oryem uko wapi. Bright hakumjua. Akamjibu kwa nia njema kabisa:

"Yule? Iko kwa Ketura. Imekufa tena."

Mwenyekiti, neno hilo "tena" lingeweza kumsaidia, lakini hakulisikia.

Mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki mbele kabisa, mgongo kwa mlango, nikivuka daraja kwa mara nyingine. Nikaona watu wa pembeni yangu wanasogea. Kisha joka likatoka, moto ukaja, na Ketura akasema kwenye maikrofoni kwamba nimekufa. Nyuma yangu nikasikia mtu ameangua kilio. Kiacholi. Hapa Bwera hakuna anayelia kwa Kiacholi.

Niligeuka. Lakot alinitazama. Akaacha kulia. Na alipofungua mdomo alisema kwa Kiswahili, lugha ambayo nyumbani hatuitumii, ili kibanda chote kisikie.

"Oryem. Simama."

Nikasimama.

Akanishika kichwa, akanishika masikio, akanigeuza kama anayenunua mbuzi. "Mkono iko. Mguu iko. Sikio yote mbili iko." Akanirudisha nimtazame. "Akili tu ndiyo joka imekula."

Hakuna aliyecheka.

"Uliniambia Jumamosi mpakani iko na kazi mingi," akasema. "Kila Jumamosi. Watoto wanauliza, mimi nasema baba iko na kazi mingi."

Nikapiga saluti. Sijui kwa nini nilipiga saluti. Nikasema, "Nachunguza kelele."

Hapo akaketi chini kwenye vumbi la kibanda, akalia upya, lakini sasa kilio kingine, cha mtu aliyebeba mzigo mzito njia nzima halafu anaambiwa aushushe. Alikuwa amekaa kwenye gari kutoka Kasese akiwapangia watoto maneno ya kuwaambia. Aliniambia hayo baadaye. Alikuwa amefika mpaka kwenye neno la mtoto mdogo, na la mdogo hakulipata.

Mimi nimehudhuria misiba mingi kikazi, nikisimama pembeni na rungu. Sikujua kwamba kuna mtu angenililia mimi hivyo. Polisi huliliwa akiwa hawezi tena kuona. Nilichuchumaa karibu yake.

Ketura alizima sauti. Akaleta chai, akanipita mimi, akampa Lakot. Elise alivua kitenge chake cha juu, kile kizuri cha njano, akamfunika mabegani.

"Mama, pole sana," akamwambia. "Bwana yako iko muzima. Ni suruali tu ndiyo haiko nayo."

Lakot akainua macho kwenye televisheni. Nilikuwa nimesimama pale, nimefufuka, na kifua changu na kofia yangu na kitambaa changu, upepo wa gemu unanipepea. Akatazama kwa muda mrefu. Akanitazama mimi. Akatazama tena pale.

"Huyo ndiye wewe?" akauliza. "Kifua hiyo ulitoa wapi?"

Na akaanza kucheka, Mwenyekiti. Alicheka chai ikamwagika. Alicheka akamshika Ketura mkono, na Ketura akacheka, na kibanda chote kikacheka, na hata mimi mdomo wangu ulifanya kitu ambacho si cha kiserikali.

6. Madhara. Tangu siku hiyo kazi haifanyiki. Nikiingia dukani, mazungumzo hayakatiki tena, yananigeukia. Wazee wananisimamisha barabarani kuniuliza kama watoto wamefunga shule. Benchi langu limejaa. Chapati yangu inaliwa na kila aliye karibu, na mmoja wao alikuja na bundu lake, ule ugali wa muhogo, na samaki wa Katwe akalazimisha tubadilishane. Mwizi wa mbuzi alikuja kituoni mwenyewe, bila kukamatwa, akasema amesikia mimi ni mtu wa kuongea naye. Nilimweka ndani, na akanishukuru. Elise sasa anafungua mizigo yake kabla sijamwambia, anatoa mpaka picha za wajukuu, na ni lazima nizitazame zote na niseme nani amefanana na nani, huku foleni inarudi hadi Kongo. Wenzangu wa kituoni wakinisalimia, mkono mmoja wanaweka kwenye kofia na mwingine wanashika mkanda wa suruali.

Mtu akiogopwa, Mwenyekiti, anapumzika. Akipendwa, kutwa nzima anaitwa huku na huku. Mimi sikuajiriwa kwa ajili hiyo.

Kwa sababu hizi zote, ninaomba kwa unyenyekevu mambo yafuatayo. Gemu ile iondolewe kibandani kwa Ketura, ipelekwe Bwesumbu au mahali pengine pa juu ambapo habari zake zitachelewa kushuka. Pili, itangazwe kanisani baada ya ibada, kwa spika zote, kwamba Koplo Oryem wa Polisi yu hai, ana viungo vyote, na huvaa suruali siku zote za juma. Tatu, neno "joka" lisitamkwe kwa sauti karibu na daraja lolote, la kweli au la mchezo. Na nne, wananchi waombwe kuanza kuniogopa upya. Sidai waanze kwa kishindo. Wanaweza kuanza na benchi, kisha chapati, halafu tutaona.

Naikabidhi barua hii kwa hekima yako, nikiamini hutaisoma kwa sauti mbele ya watu, na kama itakulazimu, basi uruke namba tatu. Nisalimie mama wa nyumbani kwako, wanao na wajukuu, wazee wa baraza, mchungaji na kwaya yake, akina mama wa nyanya na wa mihogo, waendesha boda wote wa steji isipokuwa Bright, na Bright pia.

Wako mtiifu, aliye hai,

Koplo Oryem

N.B. Mheshimiwa, kabla sijafunga bahasha nimeitwa na mkuu wa kituo. Uhamisho wa kurudi kwetu kaskazini, ambao nimeuomba tangu nilipofika hapa, umetoka. Nilisimama mbele yake nikasikia mdomo wangu unasema, "Afande, naomba nibaki." Akauliza sababu. Nilitafuta ya kiserikali, sikuipata. Amesema kama nataka kubaki, nilete barua ya mwenyekiti inayothibitisha kwamba wananchi wananihitaji. Kwa hiyo tafadhali, haya yote niliyoandika uyafute, ila karatasi usiitupe, maana upande wa pili uko safi na unaweza kuutumia kuandika hiyo barua. Usimguse Ketura wala mashine yake. Lakot yuko hapa kando yangu, shule zimefungwa na amekuja na watoto, na anauliza kama kwenye mtaa wako kuna nyumba ya kupanga, ya vyumba viwili, yenye mlango ambao mtu mzima anaweza kuingia bila kuinama.